Mashine pepe yanizungusha kusakinisha Ubuntu: je, kompyuta ni mbovu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kompyuta mpakato ya Windows 11 yenye RAM ya GB 8. Nataka kujifunza Linux bila kuigusa Windows yangu, kwa hiyo nimeweka VirtualBox, programu ya kuunda mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi), na kupakua Ubuntu 24.04, ambayo ni aina ya Linux. Siku ya kwanza mashine pepe iligoma hata kuwaka, ikaleta ujumbe unaotaja VT-x. Nikaingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, nikaiwasha, ikakubali. Tangu hapo ni vituko tu. Mara skrini inabaki nyeusi baada ya nembo, mara usakinishaji unakwama katikati nusu saa nzima, na kuna mara moja ulifika mwisho kabisa, nikaambiwa niwashe upya, nikawasha, ikanirudisha kule kule kwenye kuchagua lugha. Nimeshaanza upya mara tano. Pale chini kulia nimeona kijikobe cha kijani, sijui ndiyo virusi. Je, kompyuta ni mbovu, au nitafute ISO (faili la kusakinishia) nyingine?

JIBU: Kompyuta yako haina ubaya wowote, ndugu yangu, na huyo kobe si virusi, ingawa nitamrudia kwa kirefu maana yeye ndiye anayekuchelewesha. Kwanza nikupe habari ya kuchekesha kidogo: kwa maelezo yako, ile mara iliyofika mwisho, Ubuntu ilikuwa imeshakaa kwenye diski. Ulifaulu. Kilichokurudisha kwenye kuchagua lugha ni faili la ISO lililobaki ndani ya CD ya mashine pepe. VirtualBox isipoelekezwa vinginevyo huitazama CD kabla ya diski. Ikikuta ISO bado imo, inawaka kutoka humo, na kisakinishi kinajitokeza upya kama vile hakijawahi kukuona. Ulipoamua kuanza tena, ukafuta kwa mkono wako kitu kile kile ulichokuwa unakitafuta.

Siku nyingine ukitilia shaka, usikisie. Fungua folda ya mashine pepe ukiwa ndani ya Windows, utazame ukubwa wa faili linaloishia na .vdi. Hilo ndilo diski ya mgeni wako, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe. Kama uliacha diski iwe ya kukua kadiri inavyojazwa, faili hilo huzaliwa na megabaiti chache tu. Likiwa bado dogo vile, hakuna kilichoandikwa humo. Likiwa limefika gigabaiti kadhaa, kuna mfumo ndani yake, wote au sehemu kubwa. Hapo zima mashine pepe, ingia kwenye mipangilio yake sehemu ya Storage, itoe ISO kwenye CD, kisha uwashe. Ikiwaka na kukuomba nenosiri, kazi imekwisha. Ikikuambia haioni chombo cha kuwakia, basi kweli usakinishaji haukukamilika, na utairudisha ISO ukiwa na uhakika.

Sasa tuje kwenye makosa mengine. Unayo matatu na umekuwa ukiyatibu kama moja. Mashine iliyogoma kuwaka, skrini nyeusi baada ya nembo, na kukwama katikati ni magonjwa matatu tofauti, na kuanza upya hakuponyi hata moja, kunakupotezea ushahidi tu. Mimi nikiletewa kesi kama hii, swali langu la kwanza ni: imefia wapi? Kabla kisakinishi hakijatokea, kikiwa kazini, au baada ya kumaliza? La kugoma kuwaka umeshalimaliza mwenyewe kwa kuwasha VT-x, uwezo wa prosesa za Intel wa kubeba mashine pepe, na hongera, maana wengi huishia hapo. Wenye prosesa za AMD wataikuta BIOS ikiiita SVM. Tangu VirtualBox 6.1 iliyotoka mwaka 2019, bila uwezo huo wa prosesa hakuna mashine pepe inayowaka, ya biti 64 wala ya 32.

Haya, kobe.

Prosesa za familia ya x86 hazikuundwa ziwe na mifumo miwili inayodhani kila mmoja ndiye mwenye nyumba. Kulikuwa na amri ambazo mfumo mgeni akizitoa, prosesa haikumkatalia wala kumwita mwenyeji (mfumo wa kompyuta halisi) aamue, ilizipuuza kimyakimya. Watengenezaji wa programu za mashine pepe walilazimika kuzichungulia na kuzibadilisha amri za mgeni moja baada ya nyingine. Intel ilipotoa VT-x mwaka 2005, na AMD ikafuata na yake mwaka 2006, prosesa yenyewe ikaanza kuibeba kazi hiyo. Tatizo ni kwamba ufunguo wa uwezo huo hushikwa na mmoja kwa wakati mmoja. Windows 11 nayo ina programu yake ya mashine pepe, Hyper-V, na huitumia hata kama wewe hujawahi kuunda mashine pepe yoyote, kwa mfano kulinda kumbukumbu ya mfumo. Windows ikiwaka inauchukua ufunguo, VirtualBox inafika mlangoni na kukuta umeshachukuliwa. Zamani ingegoma. Siku hizi inakubali kupita kwa mlango wa nyuma, yaani kila kitu kinapitia Hyper-V, na ili ujue inakuwekea kobe badala ya alama yenye herufi V. Sijui nani aliwaza kumweka kobe, lakini ujumbe umefika.

Ukitaka kuhakikisha, funga mashine pepe, ingia kwenye folda yake, kisha folda ya Logs, ufungue faili la VBox.log kwa Notepad. Tafuta neno NEM. Ukikuta mstari unaosema `HM: HMR3Init: Attempting fall back to NEM: VT-x is not available`, kisa ndicho hicho. Angalia jinsi maneno yanavyopotosha: linasema VT-x haipatikani, mtu anarudi BIOS mara tatu kuikagua, kumbe iko wazi, ila imeshikwa na mwingine.

Kumwondoa kobe si lazima. Mashine pepe nyingi hukamilika naye akiwepo, ila polepole, na nusu saa unayoiita kukwama inaweza kuwa ni mwendo wake tu. Kabla hujaizima mashine kwa hasira, tazama vile vialama vidogo chini ya dirisha, cha diski na cha CD. Vikiwa vinamwekamweka, kazi inaendelea, kaa mbali. Vikiwa vimetulia dakika kumi mfululizo, hapo una haki ya kushuku.

Ukiamua kumwondoa, ingia kwenye orodha ya vipengele vya Windows, uondoe alama kwenye Hyper-V, Virtual Machine Platform na Windows Hypervisor Platform. Kisha ndani ya Windows Security, sehemu ya Core isolation, zima Memory integrity. Kobe akizidi kung'ang'ania, fungua dirisha la amri kwa ruhusa za msimamizi, uandike:

`bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`

Halafu washa kompyuta upya. Kurudisha ilivyokuwa ni amri ile ile, mwishoni ukiweka `auto` badala ya `off`. Lakini sikiliza vizuri hapa. Memory integrity ni ulinzi wa kweli, usiizime ukasahau. Kama unatumia WSL 2, ile Linux ya ndani ya Windows, au Docker Desktop inayoitegemea, nayo haitawaka mpaka urudishe. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kugusa BIOS au mipangilio ya uwashaji kunaweza kuifanya Windows ikudai ufunguo wa kurejesha, ile namba ndefu ya tarakimu 48. Hakikisha unayo mahali pengine, si ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Kwa mtu anayejifunza Linux wikendi, mimi ningemwacha kobe alivyo kwanza, nikatengeneza mengine yote, nikaona kama bado ananikera.

Mengine yenyewe ni haya. RAM: una GB 8, na Windows inakula sehemu yake. Mgeni ukimpa GB 6, mwenyeji anabaki anahema, anaanza kuandika kumbukumbu kwenye diski, na wote wawili wanakwama. Ukimpa GB 1, kisakinishi cha Ubuntu kinakufa njiani bila kuaga. Mpe 4096 MB, na kore 2 za prosesa, kisha ufunge kivinjari chako chenye vichupo arobaini. Diski mpe angalau GB 25, na uhakikishe Windows yenyewe ina nafasi hiyo kweli, maana faili la .vdi linakua. Diski ya mwenyeji ikijaa katikati, VirtualBox inaisimamisha mashine pepe palepale ilipo.

Skrini nyeusi baada ya nembo mara nyingi ni ugomvi wa michoro. Kwenye mipangilio ya Display weka VMSVGA, ambayo ndiyo inayoifaa Linux, pandisha kumbukumbu ya video mpaka 128 MB, na uzime kuharakisha kwa 3D mpaka usakinishaji uishe. Ikikataa bado, kwenye menyu ya kwanza kabisa ya ISO chagua ile ya michoro salama. Hiyo huiambia kerneli, kiini cha Linux, isihangaike na draiva ya video mapema. Nembo ikiwa inazunguka tu, bofya ndani ya dirisha ubonyeze Esc. Pazia linaondoka na unaona maandishi yenyewe yanavyopita. Mstari wa mwisho kabla ya kuganda una thamani kuliko kuanza upya mara tano, upige picha.

Kuhusu kutafuta ISO nyingine: usitafute, ihakiki hiyo uliyo nayo. Niliwahi kumaliza siku nzima nikilaumu RAM ya seva moja kwa sababu usakinishaji ulikuwa unafia karibu na mahali pamoja kila mara. Nikabadilisha RAM, nikabadilisha diski, nikabadilisha toleo la programu ya mashine pepe. Jioni nikaihakiki ISO, kumbe ilipakuliwa siku ambayo intaneti ilikuwa inakatikakatika. Ukubwa wake ulionekana sawa kwa macho. Tangu siku hiyo nahakiki kwanza. Kwenye Windows ni amri moja, ukiwa kwenye folda yenye faili, na jina uweke la faili lako:

`certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256`

Itakuletea mlolongo wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule ulio kwenye faili la SHA256SUMS ambalo Ubuntu hulitoa pamoja na ISO. Biti moja tu ikiharibika, mlolongo wote unabadilika, kwa hiyo ukiona herufi chache za mwanzo hazifanani huna haja ya kuendelea kusoma, pakua upya. Hakikisha pia ISO ni ya prosesa yako. Yako ni amd64, jina hilo lisikutishe hata kama prosesa ni ya Intel. Wenye Mac za chipu za Apple wao wanahitaji ya arm64.

Na kama inakwama kila mara pale inapopakua vifurushi, huenda tatizo ni mtandao wala si mashine. Usikubali kisakinishi kishushe masasisho wakati wa kusakinisha, au chomoa kebo kabisa: menyu ya Devices, kisha Network, uondoe alama ya kuunganisha. Masasisho yatasubiri.

Jambo moja zaidi unapounda mashine mpya. VirtualBox 7 ikiitambua ISO hujitolea kusakinisha yenyewe bila kukuuliza maswali. Iruke huduma hiyo. Inafanya kazi, sisemi haifanyi, lakini usipobadilisha chochote itakuundia mtumiaji aitwaye vboxuser mwenye nenosiri changeme, ambaye hata hana ruhusa ya sudo, yaani ya kutoa amri kama msimamizi, na wewe ndiye uliyetaka kujifunza.

Kwa hiyo leo fanya hivi. Hakiki ISO. Futa mashine ya zamani pamoja na mafaili yake, unda mpya yenye vipimo nilivyokupa, mwache kobe. Sakinisha bila mtandao. Ikimaliza, usikimbilie kubonyeza kuwasha upya: soma mstari unaokutaka uondoe chombo cha kusakinishia, angalia kama ISO imetoka kwenye CD, uitoe kama bado imo, ndipo ubonyeze Enter. Ukishaingia kwenye Ubuntu kwa mara ya kwanza, kabla hujagusa kitu chochote, chukua snapushoti ya mashine, yaani nakala ya hali yake ya wakati huo, ili siku ukiivuruga, na utaivuruga, urudi hapo kwa mibofyo miwili. Guest Additions, zile za kutanua skrini na kunakili maandishi kati ya mgeni na mwenyeji, ziweke baada ya hapo.

Ikikwama tena, usianze upya. Iache ilivyo, uniandikie mambo matatu: imefia hatua gani, faili la .vdi lina ukubwa gani, na mistari ishirini ya mwisho ya VBox.log.