Jibu: Gari la Suzuki Jimny linasugua plastiki baada ya kuweka tairi kubwa za saizi 235/75R15

Mkuu, umeuliza kama plastiki ya bampa na madigadi inaweza kukatwa nyumbani, maana tairi zinasugua ukikunja usukani. Inawezekana. Yangu niliikatia uani, Jumamosi moja tu.

Usikate kwa kukisia. Paka chaki kwenye mabega ya tairi (kingo za pembeni), pandisha tairi moja ya mbele juu ya jiwe, kisha kunja usukani hadi mwisho pande zote mbili. Chaki itakuonyesha panapogusa. Mara nyingi ni kona ya chini ya bampa, nyuma yake.

Grenda iache. Inayeyusha plastiki, inajikunja mdomoni mwa mkato kama ubani wa kutafuna. Chukua msumeno wa chuma wenye meno madogo, bandika tepu ya karatasi, chora mstari juu yake, ukate milimita tano tano huku ukijaribu. Kabla ya hapo chungulia nyaya za taa za ukungu! Ukingo malizia kwa msasa namba 120, halafu 240.

Mahali ambapo plastiki inahitaji kukunjwa tu bila kukatwa, tumia mashine ya kupuliza hewa moto. Plastiki hizi nyingi ni polipropilini, huyeyuka karibu nyuzi 160 za Selsiasi, na mashine hupita hapo kwa mbali. Kwa hiyo izungushe muda wote. Mimi nilizubaa sekunde chache, pakatoka malengelenge ambayo bado yapo. Ikilainika, sukuma kwa kipande cha mbao, weka kitambaa kibichi, ushikilie hadi ipoe.

Kona ikishaondoka, tuma picha tuone.