Barua kwa mwanangu: kuhusu George, na mzee aliyeomba kuwa wa tatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na swali lako nimelisoma mara tatu: je, George alikuwa rafiki wa kweli wa Lennie, ikiwa mwishowe alimpiga risasi kwa mkono wake mwenyewe? Kitabu hicho cha John Steinbeck, Of Mice and Men, kuhusu George na Lennie, vibarua wawili wa mashambani huko Marekani, ulichoniachia sikukuu iliyopita, nilikimaliza kwa siku mbili, lakini anayeninyima usingizi si George. Ni Crooks, mtunza farasi mwenye mgongo uliopinda, ambaye wenzake walimkataza bweni lao kwa sababu ni Mweusi, akabaki na vitabu vyake katika chumba cha matandiko ya farasi.

Siku zote nimewaambia, wewe na kaka yako, kwamba ndoto haiwi ndoto mpaka apatikane wa kuisikiliza. Lile shamba la dola 600, ambalo George na Lennie waliota kulinunua, lilikuwa hadithi ya kumbembeleza Lennie tu, hadi mzee Candy, aliyepoteza mkono kazini, alipotaja dola zake 350; hapo hata George akaanza kuamini. Crooks naye alijitolea kufanya kazi bila mshahara, alimradi wampokee, kisha mke wa Curley, mtoto wa bosi wao, alipomtishia, akasema alikuwa anatania.

Neno hilo nimewahi kuambiwa mimi. Mwaka 1974, nilipokuwa nakata mkonge Tanga, kila jioni mimi na baba yako mdogo wa Handeni tulikaa kwenye mwanga wa kibatari tukipanga shamba letu la michungwa Muheza, mche kwa mche. Usiku mmoja mzee mlinzi wa kambi, ambaye kumbe alikuwa akitusikiliza dirishani kwa muda mrefu, aliingia, akafungua fundo la leso yake, akatuonyesha noti zilizokunjwa zikawa ndogo kama kucha, akauliza kama hatuhitaji mtu wa tatu. Nilimjibu kwamba shamba lenyewe ni dogo. Shamba ambalo hatukuwa nalo, mwanangu! Akalikaza tena fundo kwa meno, akasema, "Nilikuwa natania tu, wanangu."

Ningeweza kujitetea kwamba fedha ile ilikuwa nauli yake ya kurudi kwao, na pengine nilimwokoa asiipoteze. Lakini hayo sikuyawaza usiku ule. Niliwaza michungwa yangu. Ndoto haiwi ndoto mpaka apatikane wa kuisikiliza, nasi tulimpata, nikamfungia mlango.

Unataka nikuambie kama George alitenda haki. Jibu ninalo, na kulizuia kunanitaabisha. Lakini George alimsimulia Lennie habari za sungura ambao wangewafuga shambani mwao mpaka dakika ya mwisho, nami sikumpa yule mzee hata mchungwa mmoja wa kufikirika. Muulize baba yako mdogo, ambaye usiku ule alinyamaza, na alfajiri yake akampelekea mzee chai kwenye kibanda cha lango bila kuniambia.

Akupendaye,
Baba