Muulize Fundi: Taa ya Betri Inayowaka Ikitaka

*Mzee, pokea salamu kutoka Chavakali. Nina Toyota 110 ya mwaka 1997, niliyoachiwa na marehemu baba. Tangu Machi taa ya betri huwaka kidogo, nyekundu ya kufifia kama kaa la jikoni, kisha huzimika. Mara nyingi ni jioni, mvua ikinyesha, ninapopanda Riat nikitoka Kisumu. Taa za mbele nazo hupungua nguvu, lakini nikigonga shimo hurudi. Fundi wa kwanza aliniuzia betri mpya. Wa pili akabadilisha alteneta. Nikifika gereji gari huwa zima kabisa, nao hunitazama kama mtu aliyeota. Nibadilishe nini sasa? Mwalimu, Chavakali*

Mwalimu, usibadilishe kitu. Umeshatumia za kutosha.

Hilo shimo ndilo limenipa nusu ya jibu. Kifaa kilichokufa hakifufuliwi na shimo. Kinachofufuka kwa kutikiswa ni kiungo kilicholegea au kilichoshika kutu. Ni kweli kaboni za alteneta (vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani ya hiyo mashine ya kuchaji betri) zikiisha nazo hushika na kuachia hivyo. Ndiyo maana utamwona fundi akigonga mgongo wa alteneta kwa mpini wa nyundo, na ikiamka anajua ni kaboni. Lakini wewe alteneta umeshabadilisha na tabia ni ile ile. Alteneta mbili kuugua ugonjwa mmoja, saa zile zile, mlima ule ule? Mimi siamini.

Sasa, kwa nini jioni ya mvua? Mchana mkavu gari lako halidai umeme mwingi. Jioni, taa mbili za mbele za wati 55 peke yake zinavuta karibu amperi 9, hujahesabu waipa na feni ya kuondoa ukungu kiooni. Kiungo chenye kutu ni kama mlango mwembamba wa kanisa: wawili watatu wanapita bila shida, ibada ikiisha watu wanabanana. Umeme ukiwa mdogo unapita, ukiwa mwingi volti zinapotelea hapo hapo. Mafundi wako walipima gari saa sita mchana, kila kitu kimezimwa, wakakuta liko sawa. Kwa hali hiyo lilikuwa sawa kweli.

Halafu ile taa yenyewe watu huielewa vibaya. Haipimi betri. Katika magari mengi ya umri huo, upande mmoja inapata moto, yaani umeme, kutoka kwenye swichi ya ufunguo, upande wa pili kutoka kwenye alteneta. Pande mbili zikilingana, inazimika. Zikitofautiana kidogo, inafifia kama kaa lako la jikoni. Kwa hiyo taa iliyofifia mara nyingi inasema kuna mahali njiani volti zinapotea, ingawa daiodi mbovu (kile kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) ndani ya alteneta nayo huleta picha hiyo hiyo. Uitazame pia taa hiyo wakati ufunguo umefungua na injini haijawaka: lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika, na alteneta inaweza kugoma kuanza kuchaji.

Fanya hivi. Nunua kimita kidogo cha volti cha kuchomeka penye kiwashio cha sigara. Ukiendesha, kitupie jicho, na ukifika nyumbani uandike kwenye daftari (wewe mwalimu, hilo sikufundishi). Asubuhi kabla ya kuwasha, betri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6. Injini ikinguruma, tegemea 13.8 hadi 14.4, hapo kwenye kiwashio inaweza kusoma chini kidogo. Ninachotaka kujua ni namba ya pale Riat, taa ikiwa inafifia. Ikianguka hadi 12 na kitu, alteneta haichaji dakika hiyo au chaji yake haifiki. Ikibaki 14 huku taa inafifia, ugonjwa huenda uko kwenye njia ya hiyo taa na swichi, au ni ile daiodi.

Kisha umpelekee fundi mwenye multimita, umwambie apime gari likiwa na mzigo: injini imewaka, taa kubwa, waipa, feni, vyote. Ncha moja aishike kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe, si kibanio chake. Ncha ya pili aiguse kwenye chuma cha bodi, kisha kwenye mwili wa alteneta. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, waya wa hasi una shida. Vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka bolti kubwa ya alteneta hadi nguzo ya betri. Wakati anapima, autikise kila waya kwa mkono. Namba ikiruka, mmempata mwizi. Kwako ningeanza na ule waya mwembamba wa hasi unaofungwa kwenye bodi karibu na betri: fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kwa juu.

Nakwambia hivi kwa sababu nimeaibika. Nilipokuwa na kibanda Kibuye, mama mmoja muuza samaki wa Dunga aliniletea Peugeot 504 pikapu, ugonjwa kama wako. Nilimwekea alteneta mbili na regulata moja (kidhibiti cha volti). Mwishowe kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu akafungua bolti ya hasi: gari lilikuwa limepakwa rangi upya, na waya ulikuwa umekalia rangi. Alteneta moja nilimrudishia pesa. Ya pili alinidai miaka miwili, kila tulipokutana sokoni, mbele ya watu.

Na yeyote atakayetaka kung'oa taminali ya betri injini ikinguruma "aone kama alteneta inafanya kazi," mnyang'anye spana. Enzi za dainamo mchezo huo ulivumilika. Leo volti zinaruka ghafla na kuua regulata, pengine na kompyuta ya gari.

*Fundi, mimi niko Njoro. Nissan B13 yangu nikiiacha siku mbili haiwaki. Nikiendesha kila siku, haina neno.*

Kuna kitu kinakula moto usiku. Zima kila kitu, funga milango, subiri kama nusu saa, kisha mita ikae kati ya nguzo ya hasi na waya wake ikipima amperi. Chini ya miliamperi 50 ni kawaida. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Lakini kabla ya hayo, tazama taa ya buti. Balbu ya wati 5 inavuta karibu amperi 0.4, kwa saa 48 hizo ni amperi-saa 19 hivi, karibu nusu ya betri ya 45, na betri yako ikiwa imezeeka hiyo nusu ndiyo yote. Acha simu ikirekodi video ndani ya buti, ufunge. Kama hujaiona buti ikiwa giza, hujaichunguza.

*Betri yangu imepungua maji. Naweza kuongeza ya mvua? Bungoma.*

La. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa (distilled), petroli steshoni yapo. Jaza hadi alama, na asidi usiongeze hata tone.