Otopailoti inashika sukani, lakini haina macho

Mkuu, umeuliza otopailoti ni nini hasa, na kwa nini siku hizi mtu anasema "niko kwenye otopailoti" hata akiwa anaosha vyombo. Wengi wamekujibu kuwa ni chombo kujiendesha chenyewe. Nimekuwa baharia wa meli za mizigo miaka 11, na naona jibu hilo linapotosha.

Otopailoti ya kawaida ya meli inapewa uelekeo, tuseme nyuzi 195. Inasoma dira ya jairo, yaani dira ya gurudumu linalozunguka kwa kasi na kushika mwelekeo, na pua ya meli ikiyumba inageuza usukani kuirudisha. Basi. Mkondo ukiisukuma meli ubavuni, pua inabaki 195 na mashine imeridhika, kumbe mnasogezwa kwenye mwamba. Ndiyo maana zamu haiachwi.

Hata ilipoanza ilikuwa hivyo. Mwaka 1914, karibu na Paris, Mmarekani Lawrence Sperry alipita na ndege juu ya mto Seine mikono yote ameinua hewani, fundi wake akitembea juu ya bawa. Jairo ziliiweka ndege sawa. Kuangalia waendako ilibaki kazi ya mtu.

Usiku mmoja tukiwa Mlango wa Msumbiji, zamu ya saa sita hadi saa kumi, niliona mbele taa hafifu, mara ipo mara haipo. Afisa wa zamu akatoa otopailoti, akaniambia nishike sukani kwa mkono, nikate kulia. Tulipita karibu kiasi cha kumwona mvuvi amesimama kwenye mashua anapunga tochi. Otopailoti haikuwa na hitilafu yoyote. Ilikuwa inashika 195 kama ilivyoagizwa.

Sasa kwa binadamu. Mama yangu alipofariki nilirudi melini mapema mno. Nilikwangua kutu, nilipaka rangi sitaha, pesa za nyumbani nilituma kwa wakati. Ungeniona ungesema huyu yuko sawa. Kila tukifika bandarini nilimpigia mke wangu, maneno yaleyale: hamjambo, watoto wazima, alhamdulillahi.

Siku moja akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Salma, juzi nilikwambia mtoto amelazwa. Ukasema alhamdulillahi."

Niliketi chini palepale gatini. Nikamwomba anisimulie upya, tangu homa ilipoanza.