Nywele za kupandikizwa kuwa ngumu kama katani
Pole ndugu yangu. Umesema huu ni mwezi wa 5 tangu upandikizwe nywele kule Istanbul, na za mbele zimesimama ngumu, hazilali hata ukizilowesha. Usiogope, hazijaharibika. Mizizi iliyohamishwa kutoka kisogoni mara nyingi huanza kwa kutoa unywele mwembamba, uliojikunja ovyo, na ulaini hurudi taratibu, hata mpaka mwezi wa 12 au wa 18. Zangu za juu ya paji zilikuwa zikinikwaruza kiganja kila nikipitisha mkono. Nilizipunguza kwa mkasi, nikawa naosha kwa maji vuguvugu na shampuu laini, kisha tone la mafuta ya nazi zikiwa bado mbichi. Dawa ya kulainisha na pasi ya nywele, tafadhali, viache kabisa kwa sasa. Ukiona vipele vyenye usaha, muone daktari mapema.