Je, surua yaweza kuponya saratani?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mjukuu wangu wa miaka 6 amevimba taya, na hospitalini tumeambiwa kuwa ni saratani ya Burkitt. Jirani anasema kwamba zamani, huko Mulago, hospitali kuu ya Kampala, mtoto mmoja aliugua surua na uvimbe wake ukayeyuka, na kwamba siku hizi ng'ambo wanatibu saratani kwa virusi. Je, tumlaze pamoja na watoto wenye surua? – Bibi, Arua

JIBU: Pole sana, mama, kwa kuuguza. Jirani yako hakubuni habari hiyo: mwaka 1971 madaktari Bluming na Ziegler, waliokuwa Kampala, waliandika katika jarida la Lancet habari za mvulana wa miaka 8 ambaye uvimbe wake karibu na jicho ulinywea alipopatwa na surua. Hata hivyo, nakusihi usimpeleke mtoto penye surua. Nafuu za namna hiyo zilikuwa nadra na aghalabu hazikudumu, ilhali surua yenyewe huleta nimonia, upofu na hata kifo, hasa kwa mtoto ambaye kinga yake imedhoofika.

Virusi vinavyotumiwa katika tiba ni vingine kabisa, kwa kuwa vimepunguzwa makali maabara. Seli nzima, yaani isiyo na saratani, inapovamiwa na virusi hutoa interferoni, ambayo huzuia virusi visizaliane. Seli nyingi za saratani zimepoteza ulinzi huo, kwa hiyo virusi huongezeka ndani yake mpaka zinapasuka, na mabaki yake huizindua kinga ya mwili iwatambue adui waliosalia. Dawa ya T-VEC, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ni virusi vya herpesi vilivyoondolewa jeni inayoviwezesha kustawi katika seli nzima, na hudungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe wa melanoma, yaani saratani ya ngozi. Virusi vya chanjo ya surua navyo vimejaribiwa dhidi ya saratani ya uboho: katika kliniki ya Mayo, Marekani, mgonjwa mmoja alipewa kwa mara moja kiasi ambacho kingetosha kuchanja watu wapatao milioni 10, na nafuu aliipata. Kikwazo ni kwamba aliyekwisha kuchanjwa au kuugua surua huwa na kingamwili zinazoviangamiza virusi hivyo vikiwa bado katika damu.

Hakuna kati ya hizo iliyo tiba ya mjukuu wako. Uvimbe wa Burkitt waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini kasi hiyohiyo huufanya usikie sana dawa za kemikali, na watoto wengi wanaowahishwa na kumaliza dozi hupona. Mpelekeni Taasisi ya Saratani, Mulago, au hospitali mtakayoelekezwa, wiki hii hii. Ndugu zake nyumbani wapate chanjo ya surua. Yeye asichanjwe akiwa katika matibabu, na akikutana na mgonjwa wa surua, daktari wake aarifiwe siku hiyohiyo.