Wasomaji Wauliza: Mwaka wa Kujitolea Ujerumani

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 22, nimemaliza kidato cha sita. Nimekubaliwa kwenda Ujerumani mwaka mmoja kupitia mpango wa weltwärts, nijitolee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Baba mdogo anasema nitaosha wazee bure kisha nirudi mikono mitupu. Je, mwaka huo utanisaidia kupata kazi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, binti. Hofu ya baba yako mdogo ina msingi, kwani wapo wanaorudi na picha tu. Nenda, ila ujue tangu sasa utarudi na karatasi gani.

Serikali ya Ujerumani ilianzisha weltwärts mwaka 2008 kwa ajili ya vijana wake, na tangu 2013 inapokea pia vijana kutoka nchi kama yetu. Kwa kawaida huhudumu chini ya Bundesfreiwilligendienst, utumishi wa kujitolea wa taifa lao. Utapewa malazi, chakula, bima na pesa kidogo ya matumizi. Mshahara haupo. Ndani ya miezi 12 kuna siku 25 za semina, na vyeti vyake vitunze vyote.

Karatasi ya kwanza ni ya lugha. Bibi wa miaka 90 haongei kama mwalimu wa darasani. Humeza maneno, nawe lazima utambue upesi kama anataka maji au anataka kupelekwa chooni. Masikio yako yatafunguka, lakini mwajiri ataomba cheti. Mtihani wa B1, yaani Kijerumani cha ngazi ya kati, wa Taasisi ya Goethe una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja unaweza kuifanya peke yake. Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi, kwa sababu zamu nzima mtu anaongea tu. Kila jioni andika mistari kumi kuhusu zamu yako, umwombe mwenzako akusahihishie. Ufanye mtihani mwezi wa tisa wa utumishi, ili ukifeli sehemu moja uirudie kabla ya safari.

Ya pili ni Zeugnis, cheti cha utumishi kutoka mahali ulipohudumu, na hapa ndipo wengi wanapopoteza. Kuna barua inayotaja tarehe tu kwamba ulikuwepo, hiyo haitoshi. Sheria ya utumishi huo inataka Zeugnis ieleze pia utendaji na mwenendo wako. Isome kwa makini, maana Wajerumani wana lugha yao ya vyeti. „Stets zu unserer vollsten Zufriedenheit“ ni sifa ya juu kabisa. „Zu unserer Zufriedenheit“ peke yake, ingawa maana yake ni „tumeridhika“, msomaji Mjerumani huielewa kuwa ulipita kwa shida. Omba rasimu wiki sita kabla ya kuondoka, wakati msimamizi anayekufahamu bado yupo. Ukiomba ukiwa Moshi, huenda yeye ameshahama na anayeandika hakujui.

Kwenye wasifu wako usiandike „nilijitolea Ujerumani“ ukaishia hapo. Taja uliwasaidia wazee wangapi kula na kutembea, na kama uliandika kumbukumbu za zamu kwa Kijerumani. Usijiite muuguzi. Mwaka huu hauhesabiki kama mafunzo ya uuguzi, huko wala hapa. Ukiipenda kazi hiyo, mafunzo yake Ujerumani ni miaka mitatu na unalipwa tangu mwaka wa kwanza. Shule nyingi hudai B2, ngazi ya juu yake, hivyo usisimame kwenye B1.

SWALI: Mwanangu yuko mwaka wa pili wa uhandisi Uturuki. Nasikia vyeti vya nje hukataliwa. Tufanye nini?
Mzazi, Tanga

JIBU: Mzazi wetu, cheti hakikataliwi kwa sababu ni cha nje. Hukwama pale chuo kinapokuwa hakitambuliki katika nchi kilipo, au nyaraka zinapokuwa pungufu. Akimaliza, atapeleka shahada na matokeo yake Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) vitambuliwe, kisha ataomba usajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hizo ni hatua mbili tofauti. Kabla hajarudi achukue matokeo ya Kiingereza yenye mhuri wa chuo, pamoja na Diploma Eki, kiambatisho kinachoeleza masomo aliyosoma. Ahifadhi pia nakala ya staj defteri, daftari la mafunzo kazini, lenye sahihi ya kampuni kwenye kila ukurasa. Aanze nalo likizo hii, kwa sababu sahihi zilizokosekana ni kazi kuzitafuta baada ya miaka miwili.